Maneno Chini ya Picha ya Mwami

Laiti ningekataa kuruka mstari ule. Ndugu zangu wa kiume, nilipowadokeza maana yake, waliniomba niuruke, maana ni mimi pekee niliyejua Kiingereza, na baraza la ardhi lilitaka nisome kitabu cha zamani chenye picha za maisha ya mwami, mfalme wetu wa kale.

Dada yetu mkubwa, mjane, aliweka kidole kwenye picha.

“Huyu mwenye mtungi si bibi? Wameandika nini hapo chini, mdogo wangu?”

Waliandika kwamba mwami alimpa bibi shamba la Mabawe, lirithiwe na wajukuu wake wa kike.

“Watumishi wa mwami,” nikasoma.

Wanaume wazima tulimwibia mjane mchana kweupe! Shamba tukagawana. Dada alienda kulima vibarua Bukiriro, na mpaka tunamzika hakuitikia tena shikamoo yangu.