Moto wa Mama

Asubuhi hiyo, nyumbani kwetu mtaa wa Lumumba, mimi na dada tulikuwa tunabishana juu ya nchi ya kuhamia, Kanada au Ubelgiji. Kila tulipotaja moja, mama aliuliza, "Kule jirani anaombaka moto?" Swali hilo liliniudhi.

Jirani akaingia na kopo kuomba moto. Mama akamtilia makala yanayowaka kutoka jikoni, akarudi kwenye maharagi yake. Nikasimama mlangoni. Jirani akamgawia mwenzake, naye akampelekea mama mmoja aliyekimbia vita Djugu juzi. Moshi ukapanda parseli kwa parseli, nyumba kwa nyumba, hadi mwisho wa avenyu. Wote wale walikuwa wanapikia moto wa mama. Nikasahau Ubelgiji.

Nyuma yangu dada akamjibu mama, "Kule kila mutu iko na moto yake."

Alisema hivyo kama habari njema.