Dirisha Jeusi la Fundi Saa

Fundi Saa alikuwa mtu wa kushukuru mpaka anakera. Chai ikija na sukari alishukuru. Ikija bila sukari alishukuru kwamba ni ya moto. Umeme ukikatika alishukuru kwamba pasi ilikuwa imeshamaliza shati la kesho. Mkewe aliwahi kumwambia, "Wewe iko siku utamshukuru mbu kwa kukuuma shavu moja." Akajibu kwamba kwa kweli mbu yule angeweza kuuma yote mawili, na nani angemkataza?

Basi hata macho yalipompa kisogo, hakubadilika. Maisha yake yote alikuwa ameinamia meza ndogo ya karakana, lenzi jichoni, koleo mkononi, akizivua na kuzivalisha saa za watu visukurubu ambavyo wewe na mimi tungevipuliza tukidhani ni vumbi. Kwanza alianza kuviangusha. Kisha akawa havioni hata vikianguka palepale mbele yake. Daktari akampima, akamwambia kwamba uoni uliokwisha kwenda haurudi, ila uliobaki unaweza kulindwa kwa dawa ya matone. Mtu mwingine angetoka pale ameshika tama. Yeye alimshukuru daktari kwa huo uliobaki, akaifunga karakana, akawagawia mafundi wenzake koleo zake. Alipofika nyumbani akaingia chumbani akalia, kwa sababu kushukuru hakumzuii mtu kulia.

Huo uoni uliobaki ulikuwa na masharti. Kitu cheupe chenye mwanga mkali kilimchoma macho kama kitunguu. Kitu kidogo hakukiona kabisa. Lakini herufi kubwa ya manjano juu ya weusi mtupu, hiyo aliikamata.

Aliyeligundua hilo ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi wa kompyuta katika idara ya maji, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na mkoba uliojaa nyaya. Alikuja na kompyuta kuukuu, akaiweka kwenye meza ya sebuleni, akaitia programu ya barua pepe ya kizamani, ile inayoishi ndani ya dirisha jeusi. Haina picha, haina matangazo, haina hata kipanya cha kukimbizana nacho mezani. Ni maandishi tu, na shemeji aliyakuza mpaka kila herufi ikawa nene kama kidole gumba. Unabonyeza kitufe kimoja, barua zinajipanga. Unabonyeza kingine, moja inafunguka. Kingine tena, unajibu.

"Hii programu ni kizee kama wewe, shemeji," alimwambia. "Mtaelewana."

"Mzee ni yule anayepaka mvi rangi," Fundi Saa akajibu, na tangu siku hiyo hakumpisha mtu kwenye kile kiti.

Barua alizozingojea zilikuwa za mtu mmoja, kaka yake. Tumbo lao lilikuwa limebaki na watu hao wawili tu. Kaka alikuwa dalali wa mnada katika mji wa mbali, mtu ambaye sauti yake iliweza kuwagombanisha wanunuzi wawili kwa kabati lisilo na mlango. Ndiye aliyemshika mkono mdogo wake enzi za utoto wao, akampeleka kwa bwana mmoja mtengeneza saa, akasimama mlangoni akibembeleza na kubembeleza mpaka bwana yule alipochoka akampokea kijana. Fundi Saa hakuwahi kulisahau hilo. Kila saa aliyoifufua, moyoni aliihesabu kuwa ya kaka pia. Halafu kaka akaugua koo. Madaktari walimwokoa, lakini sauti ilibaki kwenye meza ya upasuaji.

Sasa tazama mambo yao: mmoja hasemi, mwingine haoni sawasawa. Simu haikuwafaa tena. Zilibaki barua, na hata hizo zilikuwa na vituko vyake. Kaka alitolewa shule mapema mno, na alichokishika barabara ni herufi za Kiarabu, ambazo babu yao alikuwa akiziandikia Kiswahili na akawafundisha wote wawili. Herufi za shule kaka alizisoma kwa kujikongoja. Kuziandika, aa, hazikumkubali. Kwa hiyo alikuwa akiandika kwenye simu yake Kiswahili chake kilekile cha mnadani kwa herufi za babu, naye mdogo wake akimjibu kwa herufi za shule, ambazo vidole vyake vilizijua bila kutazama. Katika nyumba ile hakuna mwingine aliyeweza kuzisoma barua za kaka. Mkewe hakujifunza herufi hizo, na shemeji ndiyo kabisa.

Mambo yakaenda hivyo vizuri, mpaka kompyuta ile kuukuu ilipokata roho katikati ya asubuhi, bila kuugua.

Shemeji hakuchelewa. Alileta nyingine, akahamishia barua zote, akaweka dirisha jeusi na herufi za manjano kama zamani. Kisha, kama fundi yeyote mwenye kujiheshimu, akafanya majaribio. Alimtumia Fundi Saa barua kutoka kwenye simu yake: "Shemeji hujambo? Bado unakoroma?" Ikatokea safi, herufi kwa herufi. Fundi Saa akajibu kwamba anayekoroma ni dada mtu, mkewe akarusha kanga iliyokuwa begani mwake ikamfunika kichwa, wakacheka, shemeji akabeba mkoba wake akaenda zake kazini.

Barua ya kaka ilipoingia, Fundi Saa alivuta kiti, akasogeza uso, akaifungua. Mbele yake palijaa alama za kuuliza. Mstari wa kwanza alama za kuuliza, wa pili alama za kuuliza, mpaka mwisho. Akadhani kaka kaegemea kitufe. Ikaja ya pili, vilevile. Baada ya siku chache akajikaza akamwandikia: "Kaka, unaniuliza nini? Maswali ni mengi, uliza moja moja." Jibu lilikuwa alama za kuuliza nyingi kuliko zote.

Barua ya mwisho aliyoweza kuisoma ilisema kwamba kaka anarudi kwa daktari kutazamwa kama ugonjwa umebaki, na kama umebaki atakatwa tena. Kwa hiyo majibu ya daktari yalikuwa humo, ndani ya zile alama, na yeye amekaa mbele yake kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Akampigia simu mtoto wa kaka.

"Mzee hajambo, baba mdogo," kijana akasema harakaharaka. "Usiwe na wasiwasi kabisa. Nitakupigia." Akakata, na hakupiga.

"Umesikia?" Fundi Saa akamwambia mkewe. "Usiwe na wasiwasi, tena kabisa. Hivyo ndivyo wanavyosema mtu akiwa mahututi."

Siku hiyo chai ilikuja na sukari na hakushukuru. Mkewe hakungoja kuona zaidi. Akampigia mdogo wake simu, na asubuhi ya siku yake ya mapumziko shemeji akawa mlangoni na mkoba wake wa nyaya.

Kwanza alifungua sanduku la barua pepe la Fundi Saa kwenye simu yake mwenyewe. Akatazama, akashusha pumzi.

"Barua ni nzima, shemeji. Herufi za babu yenu hizi hapa, zimejaa tele. Anayeumwa ni hii mashine."

Fundi Saa aliinyakua simu, akaibandika karibu na pua. Shemeji akamkuzia maandishi, lakini ule weupe ukamchoma, machozi yakamtoka, na kila alipoikamata herufi moja, ya pili ilikuwa imeshapotea. Alimrudishia simu. Mkewe akaja akasimama nyuma ya kiti, akamwekea mikono mabegani, na hakuiondoa.

Shemeji akakaa kwenye kompyuta. Aliandika amri fupi ya kuiuliza mashine inajihesabu iko wapi, inatumia lugha gani na herufi za namna gani. Majibu yakatoka mstari baada ya mstari, na kila mstari ulisema jambo moja: mpangilio mkavu kabisa, ule ambao mashine huanza nao kabla ya kufundishwa lolote. Katika mpangilio huo dunia nzima ina herufi zile chache za A mpaka Z, tarakimu, na vitu vya nukta na mkato. Ikikutana na kitu kingine chochote haikitambui, basi inaweka alama ya kuuliza mahali pake.

Shemeji akajipiga kofi la paji la uso.

"Kiswahili ndicho kilichoniponza! Mimi nilijaribu kwa Kiswahili cha shule. Hakina mkia, hakina nukta juu, hakina kofia. Kinapita hata kwenye mashine mbumbumbu kama hii. Nikaona kimepita, nikaondoka natembea kwa maringo. Hata kule kazini mashine zote nimeziweka hivihivi, na hakuna aliyewahi kulalamika, maana nani anaandikia idara ya maji kwa herufi za babu?"

"Tumshukuru babu basi," Fundi Saa akasema, "kwa kukufumbua macho." Ilikuwa mara ya kwanza kufanya mzaha tangu zile alama ziingie, na mkewe akambana mabega kwa furaha.

Shemeji akaifundisha mashine mpangilio mpya, ule unaojua maandishi ya watu wote, akafungua tena barua. Alama za kuuliza bado zilikuwepo. Akaguna. Kumbe kile kitufe cha kuamshia programu, alichomwekea shemeji yake ili asihangaike, kilikuwa kinaiamsha bila kupitia mpangilio mpya. Ni sawa na kubadilisha kufuli ukasahau mlango wa uani. Akakirekebisha. Safari hii alama zikaondoka, na mahali pake yakaja makorokoro: herufi zenye vikwaruzo, vialama vya fedha za watu, vitu visivyosomeka na binadamu.

"Ndiyo maandishi yenyewe?" mkewe akauliza.

"Dada, hata mganga haandiki hivi."

Tatizo lilikuwa kwenye faili la mipangilio ya programu yenyewe. Kulikuwa na mstari mmoja unaoilazimisha isome kila barua kwa jedwali la herufi la zamani, na shemeji hakukumbuka aliuiga wapi. Akaufuta. Fundi Saa alikuwa amesogea mpaka pumzi zake zinampiga shemeji sikioni, naye hakumwambia asogee.

Herufi za babu zikatokea, za manjano, nene. Lakini Fundi Saa akatikisa kichwa. Zimeachana, alisema, kila moja imesimama peke yake, na zinatembea kinyumenyume, mwisho ndio mwanzo. Shemeji akakumbuka kwamba kwenye ile kompyuta ya kwanza alitumia dirisha jeusi la aina nyingine, lenye kujua kuunganisha herufi hizo na kuzipanga kutoka kulia. Akalitafuta, akaliweka, akafungua barua ya kwanza, kisha akainuka, akampisha kiti.

Fundi Saa akakaa. Midomo yake ilicheza kidogo. Halafu akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, na bila kujua akawa anasoma kwa mapigo ya kaka, yale ya mnadani.

"Mdogo wangu! Daktari ameridhika. Koo safi. Hakuna kukatwa tena, narudia, hakuna kukatwa tena."

Akaacha kusoma kwanza. Akamshukuru Mungu, akamshukuru daktari asiyemjua, akamshukuru mkewe, akageuka akamshika shemeji mikono yote miwili hakuiachia. Mkewe alikuwa amekaa chini sakafuni akijifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Soma nyingine," alisema.

Ya pili ilisema hivi: "Wamenipa kidude cha kubandika shingoni, kinatoa sauti. Nimejifungia chumbani najizoesha peke yangu. Mwanangu anajua, nimemwapisha asikwambie, na ukimpigia atakukatia maana hajui kusema uongo. Jumapili baada ya chai ya asubuhi, piga simu yangu. Nitapokea mwenyewe."

Jumapili hiyo ilikuwa imekwisha kupita. Fundi Saa alifungua ya tatu.

"Jumapili nilikaa na simu mapajani mpaka jua likaondoka dirishani. Kisha ikaja barua yako, eti nakuuliza nini. Nikajua macho yamekwisha kabisa na watu wa nyumbani kwako wananificha. Kama kuna mtu anakusomea hii, namshukuru, na akwambie kwamba kila asubuhi baada ya chai nakaa na simu. Sijamsemesha mtu yeyote bado. Si mwanangu, si daktari. Wa kwanza ni wewe."

Shemeji ndiye aliyetazama saa ya ukutani, akaona bado ni asubuhi, akapiga namba ya kaka, akamwekea Fundi Saa simu sikioni. Haikumaliza mlio wa kwanza. Upande wa pili pakawa na mkwaruzo, kama kitu kinawekwa vizuri mahali pake, halafu ikatoka sauti kavu, yenye mvumo, isiyopanda wala kushuka, isiyofanana na dalali yeyote aliyewahi kusimama mnadani.

"Mdogo wangu," ilisema.

Fundi Saa akasimama wima, kama alivyokuwa akisimama utotoni akiitwa na mkubwa wake.

"Naam, kaka," akaitika. "Nimekusikia. Sema tena."