Kisanduku cha Ndiyo na Hapana

Nilikuwa fundi mitambo katika redio ndogo ya mji wetu, kwenye mteremko unaoshuka Ujiji. Matangazo yaliyorekodiwa yalipaswa kuhamishiwa kwenye kompyuta ya kurushia, na kwa kazi hiyo nilikuwa nimeandika skripti fupi, maagizo ambayo kompyuta inayafuata yenyewe. Ukiibofya, dirisha jeusi linafunguka, unaandika namba ya kipindi, faili linakwenda. Ilikuwa mistari michache tu, ila niliiandika mimi, na watu walinihitaji kwa ajili yake.

Aliyenihitaji kuliko wote alikuwa mama mmoja wa Ujiji, mtangazaji wa siku nyingi, ambaye sote tulimwita Mama. Yeye ndiye aliyetangaza misiba, harusi, na safari za boti za Mwamgongo, kijiji cha ziwani upande wa kaskazini. Dirisha lile jeusi alilichukia.

"Mwanangu," alikuwa akiita kutoka studio, "njoo uniondolee hili giza."

Nilikuwa nakwenda, nabonyeza, naye ananishika bega na kuniombea dua. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado nasoma. Sikumwambia mtu yeyote pale kazini, lakini lile neno "mwanangu" nililisubiri kila asubuhi.

Kisha akaajiriwa fundi mwingine, mwanamke wa rika langu, aliyekulia Katubuka, ambaye wazazi wake walikuja kutoka Burundi. Aliingia akimsalimu kila mtu kwa Kiha, "Mwakeye!", kama aliyezaliwa mle ndani. Siku moja alimsikia Mama akiniita.

"Kwa nini usimwekee visanduku?" akaniuliza.

"Vya nini?"

"Vya kumuuliza anachotaka. Yeye abofye tu."

Hakungoja jibu langu. Aliiongezea skripti yangu faili jingine dogo, na mchana ule Mama alipoifungua, kisanduku cheupe kilitokea katikati ya kioo: "Shikamoo Mama. Tupeleke matangazo ya vifo sasa?" Chini yake vitufe viwili, Ndiyo na Hapana.

"Marahaba, mwanangu!" Mama akaijibu kompyuta.

Studio nzima ilicheka. Nami nilicheka, meno tu.

Tangu siku hiyo sikuitwa tena. Nilikaa mezani nikisikia Mama akimsifia yule mwenzangu upande wa pili wa ukuta, akimwombea zile dua nilizozidhani zangu. Mwenzangu alipotoka kula, nilifungua kazi yake nikitafuta kosa. Mistari yangu yote ilikuwa mle, haijaguswa hata herufi. Skripti yangu ndiyo iliyobeba mafaili. Kisanduku chake kiliuliza tu. Nilijiona kama mpishi aliyebaki jikoni na moshi wake, huku mbeba sinia akishukuriwa ukumbini.

Nikatengeneza changu. Nilikitia rangi, orodha ya vipindi vyote, swali la tarehe, swali la saa, swali la kuhakikisha. Nilimpelekea Mama kwa fahari. Alivaa miwani, akasoma, akaivua.

"Hiki kinanihoji kama uhamiaji," akasema. "Niachie kile cha mwenzio, tumeshazoeana."

Nikarudi mezani na changu.

Asubuhi moja ziwa lilichafuka. Ukaja ujumbe kutoka bandarini kwamba boti za kaskazini zisiondoke, na Mama aliurekodi haraka. Alipobofya, hakuna kilichotokea. Akabofya tena. Wimbo ukaisha, redio ikawa kimya, na watu walikuwa wameshaanza kupakia mizigo ufukweni.

"Mwanangu! Njoo!"

Tulisimama wote wawili. Tulifika mlangoni pamoja, bega kwa bega, kila mmoja akiamini ameitwa yeye.

"Yeyote kati yenu!" Mama akapiga kelele.

Niliwahi mimi. Nilishusha dirisha la programu ya kurushia, na nyuma yake kisanduku kilikuwa kimejificha, bado kinaamkia. Nikabofya Ndiyo. Sauti ya Mama ikaenda hewani, na boti hazikuondoka.

"Umejuaje kama kipo nyuma?" mwenzangu akauliza.

"Hakikuwa na pengine pa kwenda."

"Sijui namna ya kukilazimisha kikae mbele ya kila kitu. Wewe unajua?"

Nilijua. Nilitamani kusema sijui. Lakini aliniuliza bila kiburi, akanisogezea kiti chake, yeye akabaki amesimama. Nikakaa, nikamwonyesha. Alipoona imekubali alimwita Mama: "Ameirekebisha huyu, Mama, siyo mimi!" Mama akapunga mkono bila kugeuka, alikuwa anatafuta karatasi ya harusi.

Jioni mwenzangu aliniambia twende kwao, ni hapo tu Katubuka. Nilikwenda kwa sababu sikupata udhuru wa haraka. Mama yake alitupokea uani, mikono imejaa unga wa muhogo. Alimshika binti yake mashavu kwa viganja hivyo hivyo, akamsemesha Kirundi, akamfuta tena kwa upindo wa kitenge. Nilisimama pale nikiangalia uso ule wenye unga, na wivu ulionipata ulizidi ule wote wa kazini. Visanduku ningeweza kujifunza.

Tulikula ugali na migebuka ya ziwani. Sahani yangu ilipobaki tupu, yule mama aliniinamia.

"Umeshiba, mwanangu?"

Nilikuwa nimeshiba kabisa.

"Bado," nikamjibu.