Tulikubaliana Vyumba

Kila nikinusa saruji mbichi kwenye maghorofa yanayojengwa Kariakoo, namwona mama ameketi mkekani, anazungumza na baba mdogo. Arobaini ya baba ilikuwa imepita, na walikuwa wanagawana nyumba yake ya vyumba sita.

"Shemeji, mimi nitagawa, wewe utachagua," mama alisema. "Hivyo hakuna atakayepunjwa."

Akagawa: vitatu vya mbele na baraza, vitatu vya nyuma na jiko. Baba mdogo akachagua vya mbele. Wakapeana mikono, na mama akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Wiki iliyofuata, baba mdogo alileta fundi akajenga ukuta katikati ya korido. Tukakosa njia ya kutokea barabarani.

"Shemeji, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana vyumba," alijibu. "Njia hatukuizungumza."

Mama hakugombana. Alimwomba jirani tupitie uani kwake. Asubuhi, tukiwa na sare za shule, alituagiza tuzunguke hadi barazani tukamwamkie baba mdogo kama kawaida.

"Shikamoo."

"Marahaba, wanangu," aliitika kwa upole, akaendelea kunywa kahawa yake.