Kadi ya Arobaini na Mbili

Tonton François, mjomba wangu, alikuwa Mugenya aliyeogopa maji, na kwa Wagenya, wavuvi wa maporomoko ya mto, huyo ni sawa na padri anayeogopa kanisa. Ndugu zake walikwea miti iliyosimikwa kwenye maporomoko kila asubuhi kutega vikapu vyao vya samaki. Yeye alivuka mjini Stanleyville, akapata kazi ya mpishi kwa Mubelgiji mmoja, muhandisi wa barabara.

Muhandisi huyo alikuwa na ugonjwa wake: kuzungumza na watu asiowajua. Alikuwa na mashine ya kusema hewani, na jina la herufi na namba alilopewa na serikali. Kila Jumapili baada ya misa alijifungia chumbani, akaita, akaita, mpaka Mreno fulani wa Angola akamjibu. Na wakishapatana, wanaulizana nini? Kama mvua imenyesha. Sauti imepita juu ya misitu yote hiyo kwenda kutafuta habari za mvua!

Tonton alicheka kama sisi, halafu ugonjwa ukamshika. Alijifunza kukata waya wa shaba kwa urefu unaolingana na wimbi, kuugawa katikati, kuutenga na mti kwa shingo za chupa za bia, na kuuinua juu kadiri nguzo inavyoruhusu. Ruhusa ya kusema hewani ilikuwa ya Wazungu. Kusikiliza, bon, walimwachia. Muhandisi alipomaliza mkataba wake na kurudi kwao, alimwachia pia redio nzee yenye betri mbili nzito kama dhambi.

Wasikilizaji wa namna ile wana desturi yao. Ukinasa kituo cha mbali, unakiandikia: tarehe, saa, wimbi, nguvu ya sauti kwa alama moja hadi tano, na maneno uliyoyasikia, ili wajue husemi uongo. Wao wakikuta ni kweli, wanakutumia kadi. Ukutani kwa tonton kulikuwa na kadi arobaini na moja: Brazzaville, Lisboni, Uholanzi, wapi na wapi. Mimi niliyekaa kwake niliziita watakatifu wake. Hakukasirika. Alisema tu, "Weye unacheka, lakini hapa hakuna hata moja ya uongo." Na kweli. Mara moja alisikia kituo cha Brazili kwa nusu dakika, neno moja tu akalishika, akakataa kuandika. "Neno moja haliko ushahidi," alisema.

Mwaka wa 1957 mwana wake wa pekee, Zéphirin, alikuwa Léopoldville, amelazwa miezi minane kwa ugonjwa wa kifua. Barua ikaja: Jumapili ya tatu ya Februari, saa kumi za jioni kwa saa ya Stanleyville, wagonjwa wangepewa nafasi ya kusalimia jamaa zao kwenye redio. Yeye ni wa tatu kusema.

Nyumba ile ikabadilika. Mama Colette, mke wake, alifua nguo za mtoto aliye mbali kilomita elfu na zaidi, akazipasi, akazikunja. Tonton alipima waya mpya, mita kumi na tano bila nusu kidole kuzidi. Nguzo mbili alizipata kwa kaka zake, miti mirefu ile ile ya maporomoko. Akazisimamisha, moja huku moja kule, akazifunga kwa kamba za porini, fundo la Kigenya.

Jirani yetu Sébastien, fundi wa baiskeli, alimletea waya wa chuma. "Papa François, funga na hii."

"Ya nini? Kamba hii inashika miti ya papa yangu, na mto muzima unaipiga usiku na muchana. Hewa itaifanya nini?"

"Mi nasema tu."

"Sema kwa baiskeli zako."

Nami nikaongeza, kwa ulimi wangu huu, kwamba hatimaye tonton ametega kikapu, ila amekitega mawinguni. Tulicheka wote. Hakuna aliyefikiri kwamba kamba ya maporomoko inakaa imelowa maisha yake yote, na kwamba kwetu mvua ilikuwa haijaonekana wiki mbili.

Siku ya Alhamisi ikaja habari kutoka Yanonge: dada mkubwa wa Mama Colette amefariki. Hakuna wa kuuliza aende au asiende. Alifunga kitambaa, akashuka bandarini. Pale kwenye ngazi ya mashua alimshika mumewe mkono.

"François, weye utasikia kwa sisi wawili."

"Nitasikia."

"Kila neno. Na kama anakohoa, usinifiche."

Jumapili saa kumi redio ilikuwa wazi kabisa, alama tano juu ya tano. Mgonjwa wa kwanza alisalimia watu wa Boende. Wa pili alianza kulia, mtangazaji akambembeleza. Ndipo juu ya bati tukasikia kishindo. Fundo, lililokaushwa na jua na kusinyaa, lilikuwa limelegea taratibu bila kumwambia mtu. Nguzo ya magharibi ikalala, waya ukakatika katikati. Redio ikabaki inavuma kama nyuki.

Tonton alipanda juu ya bati peku. Bati lilikuwa la moto. Alishika ncha mbili za waya, akazisokota, akaninyooshea mkono akisema niinue mti, niinue, niinue! Tulipoinua, ndani redio ilikuwa inatangaza bei ya kahawa.

Alikaa pale pale juu mpaka jua likashuka. Nilitafuta mzaha wa kumtoa, nikaukosa. Ndiyo mara ya kwanza.

Kesho yake alikwenda kwa Abdulhamid, mshonaji, mwenye redio kubwa dukani.

"Ndiyo, nilimusikia mutoto wako! Alisalimia papa, akasalimia mama. Alisema anakula vizuri. Halafu kitu ya samaki... samaki gani, nimesahau. Kulikuwa na wateja, ndugu yangu."

"Alikohoa?"

Abdulhamid aligeuza kitambaa kwenye cherehani. "Hapana. Sikusikia."

Mama Colette aliporudi hakutua hata mzigo. "Alisema nini?"

Nilimwangalia tonton, yeye wa neno moja haliko ushahidi. Akasema: "Alisema, papa na mama, nawasalimia. Nakula vizuri. Mama, nikipona unipikie samaki ya moshi na sombe ya muhogo, nitakula sufuria nzima. Hakukohoa."

"Alors, andika," mama akasema. "Watume kadi. Ya mutoto wangu iwe juu ya zingine."

Tonton aliandika. Tarehe, saa, nguvu ya sauti tano. Maneno: yale. Aliharibu karatasi mbili kabla ya kumaliza.

Aprili simu ya posta ilikuja kabla ya kadi. Zéphirin alikuwa amezikwa huko huko, siku mbili zimepita. Matanga yakafanyika bila maiti. Watu walikaa uani kwenye mikeka, na kila kundi likifika mama alisema, "François, waambie alivyosema." Naye akasema. Kila mara maneno yaliongezeka kidogo; siku ya tatu Zéphirin alikuwa amesalimia hata Sébastien.

Kadi ilifika Mei, na picha ya mlingoti mrefu. Nikawasomea: kituo kinamshukuru msikilizaji kwa taarifa yake na kuthibitisha kwamba ni sahihi. Mama akaibusu, akaibandika mwenyewe. Tonton akatoka nje. Kuanzia siku ile betri hazikutiwa moto tena, na waya aliuacha ukaanikiwa nguo.

Mwezi wa saba, jioni moja wakila, aliweka tonge chini.

"Colette, mi sikusikia kitu. Nguzo ilianguka."

"Najua."

"Nani alikuambia?"

"Safi, bibi ya Abdulhamid. Sokoni, matanga ilipoisha. Yeye alikuwa pale dukani, alisikia yote. Mutoto alikohoa, hakumaliza. Alisema salamu, akasema samaki, basi, wakamutoa."

Tonton alifunika uso. Mama alimsogezea maji ya kunawa, akangoja anawe.

"Bon, sasa sema tena."

"Niseme nini, Colette?"

"Ile yako. Ile ya Safi iko fupi sana."