Bibi alisema tumbaku yake imebadilika ladha, tukamcheka

Wakuu, habari za mchana. Mnaonijua humu mnajua natia chumvi, mimi hata manyunyu nayaita gharika. Leo nitajitahidi, maana hii ni ya nyumbani na ni kweli.

Mimi ni zao la QT, masomo ya jioni. Kwetu ni kijijini, kule Ikungi.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa anavuta kiko. Akikohoa, kuku wa kijiji cha pili wanakimbilia bandani.

Tumbaku alikuwa ana-mix mwenyewe. Jani la nyuma ya nyumba, kali, linauma ulimi. Jani la mnadani, pana, pole, halina ubishi. Halafu asali ya Itigi, ile nyeusi ya porini, anaipaka kwa kidole, anasokota, anatundika juu ya moto wa kuni mpaka ikolee.

Ukikaa pembeni yake, kwanza unakuja utamu, kama sukari inayoanza kuungua. Kisha ukali unapanda puani. Mwisho unabaki moshi wa kuni kwenye blanketi wiki nzima. Mimi sivuti, lakini nilikuwa nashiba kabisa.

Mwaka jana tukajenga nyumba ya bati, jiko la zamani likavunjwa. Baba mdogo, kitindamimba wa Bibi aliyekuwa anaishi naye, akaihamishia tumbaku stoo, akaitundika juu ya magunia ya mahindi. Nia njema kabisa, isinyeshewe.

Bibi akaanza kulalamika.

"Mume wangu," ananiambia mimi mjukuu wake, "tumbaku imekufa. Inaleta ubati mdomoni."

"Mke wangu, ulimi umestaafu huo."

Tukacheka. Baba mdogo alicheka mpaka akajifuta machozi.

Bibi akaongeza asali. Akawa anavuta zaidi, anaitafuta ile ladha yake.

Siku moja akaanza kutetemeka. Jasho, mate yanamtoka, anatapika. Hospitali wakauliza amekula nini. Tukasema ugali na mlenda, kama sisi wote. Hakuna aliyekumbuka kutaja kiko.

Hakurudi nyumbani akiwa hai.

Sasa, kwa bibi zetu wa pale kijijini wanaovuta, mwenzao akifa wanavuta tumbaku yake msibani. Ndiyo wanavyomuaga. Wakaiomba, nikaenda kuitoa stoo.

Aliyeipokea ni Bibi Zuhura, shoga yake tangu usichana. Akaiponda kiganjani, akanusa. Hakujaza kiko.

"Hii iliwekwa wapi?"

"Stoo, Bibi."

"Na mahindi mlitia dawa?"

Wakuu, tulitia. Ile dawa ya unga ya kuua dumuzi. Baba mdogo aliichanganyia humohumo stoo, vumbi lilipanda mpaka kwenye kenchi ilikoning'inia tumbaku. Na jani lililopakwa asali linanasa kila kitu.

Bibi Zuhura akachungulia nje. Baba mdogo alikuwa uani, anawanawisha wachimba kaburi, macho yamevimba.

Akaifunga tumbaku yote kwenye pindo la kanga, akaenda kuitumbukiza chooni. Akarudi, akaketi.

"Mwenzetu amekufa kwa uzee. Mmesikia?"

"Tumesikia."

Wakakaa na viko vitupu mdomoni mpaka jua likazama.

Funzo: kitu kinachoingia mdomoni kisikae chumba kimoja na dawa ya mahindi. Na mzee akisema ladha imebadilika, nendeni mkaangalie, msimcheke.

Ila kilichonileta ni hiki. Leo asubuhi Baba mdogo kanipigia simu, mara ya kwanza namsikia ana furaha tangu msiba. Majani ya nyuma ya nyumba yamestawi, amevuna, amenunua na asali. Anataka kujifunza mchanganyiko wa mama yake usipotee, na wa kwanza kuonja atakuwa Bibi Zuhura.

Nikamuuliza anakaushia wapi.

"Si palepale stoo."

Nimemwambia ayatoe leo hii. Ameuliza kwa nini, nikasingizia mtandao, nikakata.

Anapiga tena sasa hivi, simu inaita hapa mezani. Mngekuwa ninyi mngemjibu nini?