Bia Sita na Pua ya Shangazi

Mdogo wangu alirudi kutoka Ubelgiji mwezi wa kumi na mbili akiwa na valizi mbili. Moja ilikuwa na nguo. Ya pili aliifungua sebuleni kwangu, mtaa wa Nyalukemba, kwa uangalifu wa mtu anayemvua mtoto mchanga nepi, akakunjua taulo moja baada ya nyingine, na ndani ya kila taulo mlikuwa na chupa ya bia. Zilikuwa sita, na hakuna mbili zilizofanana.

Miaka minne alikuwa ameosha mapipa kwa mzee mmoja anayepika bia yake mwenyewe katika karakana nyuma ya nyumba. Huko, alituambia, wako wengi wa aina hiyo, watu wasiotaka kiwanda kikubwa, kila mmoja na siri yake. Sasa alitaka kufungua kitu kama hicho hapa Bukavu. Lakini kwanza alitaka kujua ndimi za kwetu zitasemaje.

"Yaya, weye njo utakuwa jiri ya kwanza," aliniambia mimi dada yake mkubwa, yaani niwe hakimu wa kuonja na kutoa alama. "Toka zamani pua yako ilikuwa inashinda ya bote."

Ilikuwa kweli. Nilipokuwa mdogo, mama hakuwa akimpa mtu maziwa kabla mimi sijayanusa. Nikawa mwalimu wa kemia, na wanafunzi wangu walijua kwamba naweza kutambua chupa iliyofunguliwa nikiwa bado mlangoni.

Kitu ambacho mdogo wangu hakukijua ni kwamba pua hiyo ilikuwa imekufa. Miezi minane kabla ya hapo homa ilinilaza siku kumi. Nilipoamka nilikuwa na nguvu zangu zote, ila dunia haikuwa na harufu. Daktari alisema pengine itarudi, pengine haitarudi. Nilipika maharagwe yakaungua nikiwa nimesimama mbele yake. Siku moja katika maabara nilifungua chupa ya amonia, nikaweka pua juu yake, macho yakatoa machozi na mimi sikusikia kitu. Mume wangu peke yake ndiye aliyejua. Sijui kwa nini niliona aibu, kana kwamba nilikuwa nimepoteza kitu nilichoazimwa. Kwa hiyo nilimjibu mdogo wangu kwamba sawa, nitakuwa jiri.

Tulikaa Jumapili baada ya misa ya pili. Meza ilitolewa nje, kwenye baraza, tukawa wanne: mdogo wangu, mume wangu, mimi, na shangazi yetu, dada mkubwa wa marehemu baba, aliyekuwa amekuja mjini kutoka kijijini kwake Mumosho kwa ajili ya ubatizo. Shangazi amepika kasiksi, ile bia ya ndizi ya kwetu, tangu alipokuwa msichana. Siku hiyo hakuna aliyemhesabu kuwa jiri. Aliwekwa mwisho wa meza pamoja na sahani ya karanga, na mdogo wangu akampa glasi kwa heshima tu.

Sisi watatu tulipewa karatasi. Rangi, povu, harufu, ladha, na kile kinachobaki mdomoni. Jumla juu ya ishirini, kama shuleni. Mdogo wangu alikuwa amefunika majina ya chupa kwa karatasi za gazeti.

Ya kwanza ilikuwa nyeupe, yenye ukungu kama maji yaliyooshewa mchele. Nilinusa nikafumba macho, kama nilivyozoea. Hakuna kitu. Nikaonja: ubaridi, mapovu, uchachu kidogo. Nikaangalia karatasi ya mume wangu, naye kwa upendo akaisogeza ili nione vizuri. Aliandika kumi na nne. Nikaandika kumi na nne na nusu.

Ndipo shangazi akasema, bila kuulizwa, "Hii ni ngano. Tena balitia maganda ya machungwa, lakini si ya kibichi. Ile ya kukausha."

Mdogo wangu akageuka. Akachana gazeti, akasoma karatasi ya chupa kimya, kisha akaisoma kwa sauti, akitufasiria. Ngano. Maganda makavu ya machungwa.

"Tante, umejuaje?"

"Uko nauliza nini? Iko ndani."

Ya pili ilikuwa chungu hata ulimi wangu uliosalia uliisikia. Mdogo wangu alieleza kwamba uchungu ule unatoka kwa ua liitwalo houblon, ambalo wazungu hulichemsha pamoja na bia. Shangazi alikunywa tone, akaangalia juu ya paa la jirani kwa muda mrefu. "Hii ua walitia mara mbili," akasema. "Mara moja ku moto. Mara ingine wakati bia ilikuwa imeisha kupoa. Ya moto inauma huku nyuma. Ya baridi inabaki mu pua."

Mdogo wangu aliweka glasi yake chini. Alisema kwamba yeye ilimchukua mwaka mzima na mwalimu kando yake kujua tofauti hiyo.

Kuanzia hapo tuliacha karatasi zetu, tukawa tunamwangalia yeye. Mwanamke mfupi mwenye kitenge cha ubatizo, miguu haigusi vizuri sakafu, anazungusha glasi ya nchi asiyowahi kuiona. Ya tatu, ya kahawia, alisema imekaa chupani muda mrefu na imefaidika. Ya nne ilikuwa nyeusi, na mume wangu akatangaza kwamba ina kahawa. "Hakuna kahawa," shangazi akasema. "Ni mbegu tu, balikaanga mpaka karibu ya kuungua, bakaondoa mbio. Hata miye nafanya vile na mutama." Ya tano, nyekundu na chachu, aliishika mdomoni, akameza, akacheka peke yake.

"Hii ililala mu pipa ya mti. Na ule mti ulikuwa na kitu ingine mbele yake. Divai. Kama ya padiri."

Gazeti lilichanwa. Pipa la mwaloni, lililokuwa na divai nyekundu. Mdogo wangu alisimama, akaondoka mezani, akaenda hadi kwenye ukuta wa parsele, mwisho wa kiwanja chetu, akarudi. Nilimwona ana machozi. Mimi pia nilikuwa nayo, ila yangu yalikuwa na kitu kingine ndani. Nilikuwa nimekaa karibu na karamu nzima, na mlango umefungwa, na mtu ananisimulia vyakula.

Chupa ya sita ndiyo aliyoihifadhi kwa mwisho. Mzee wake, yule mwenye mapipa, aliipika mwenyewe na kumpa siku ya kuaga. Ilikuwa ya dhahabu, povu lake jeupe na zito. Mume wangu alikuwa ameitwa getini na jirani, kwa hiyo sikuwa na karatasi ya kunakili. Nikaangalia uso wa mdogo wangu, jinsi alivyomimina kwa fahari, nikanusa, nikafumba macho, nikaandika haraka: kumi na saba. Nikasema, "Hii njo mukubwa wao."

Shangazi alikuwa ameileta glasi puani tu. Hakunywa. Akairudisha mezani taratibu.

"Mutoto yangu," akamwambia mdogo wangu, "hii imekufa. Ilipata joto mu njia. Inanuka karto, boksi yenye kunyeshewa."

Mdogo wangu alinusa. Nikaona uso wake ukianguka. Alinusa tena, akaimwaga polepole kwenye majani. "Ni kweli," akasema. "Ni ndege. Ama ni ile siku tatu za barabara." Kisha akaniangalia mimi, na karatasi yangu, na ile kumi na saba. Nilitamani sakafu inimeze.

Shangazi aliinuka. Alinifuata jikoni nilipokwenda kuosha glasi, akafunga mlango, akanishika kifundo cha mkono ndani ya maji ya sabuni.

"Tangu wakati gani hausikie harufu?"

Nililia kama mtoto. Nikamwambia yote: homa, maharagwe, amonia. Alisikiliza huku akisuuza glasi moja moja. Mwisho akauliza likizo ya Pasaka ni lini.

Nilikaa kwake Mumosho siku kumi na tano. Nilidhani atanipa dawa ya majani. Alinipa kazi. Tulifukia ndizi shimoni, tukazifunika kwa majani ya migomba, na kila asubuhi alinituma kutia mkono ndani, mgongo wa mkono si kiganja, nimwambie joto limefika wapi. Nikikosea, alinirudisha. Siku ya nne tulimenya, tukakamua kwa majani makali ndani ya chombo kirefu cha mti, mpaka maji ya ndizi yakatoka mazito na matamu. Alikaanga mtama akanifanya niusikilize: kuna sauti unayotoa kabla ya kuiva, na nyingine kabla ya kuungua, na kati yake kuna muda wa kupumua mara tatu. Usiku bia ilipochacha alinilaza sikio juu ya majani yaliyoifunika. Ilikuwa inaongea. Sina neno lingine. Maelfu ya vijisauti, kama mvua inayoanza mbali.

"Pua ni mulango moja tu," aliniambia. "Nyumba ya mutu iko na milango mingi."

Jirani zake wapishi wa bia walileta kibuyu cha kasiksi kila mmoja, na shangazi alinifunza kuzitofautisha bia zao kwa ulimi na kwa uzito wake mdomoni. Kwa moja alisimama. Akamwita mwenye nayo, mama mmoja wa kilima cha pili, akamuuliza kwa upole, "Ulikuwa na haraka ya nini?" Yule mama akainamisha kichwa. Mtoto wake alikuwa na malaria. Aliikamua siku moja kabla ya ndizi kuwa tayari ili awahi kumpeleka hospitali. Shangazi akauliza mtoto yuko namna gani, wakaongea kuhusu mtoto, na habari ya bia ikaishia hapo. Mimi nilibaki na kibuyu mkononi. Nimesoma kemia chuo kikuu. Naweza kuandika ubaoni jinsi sukari inavyogeuka kuwa pombe. Sikuwahi kujua kwamba siku moja iliyokosekana inaweza kusomeka hivyo, kama herufi.

Kila asubuhi, kabla ya chai, aliniwekea puani vitu vinne: mtama wa kukaanga, ganda la ndizi mbivu, moshi wa kuni, jani la ndimu lililosagwa. Kila asubuhi nilisema hapana. Siku ya kumi na mbili aliinua mtama, nikarudi nyuma nikaziba mdomo. Kitu kichafu kilikuwa kimeniingia, kama mpira unaoungua. Nikanusa ganda: mpira. Jani la ndimu: mpira. Nilitaka kutapika.

Shangazi alianza kucheza. Mwanamke wa umri wake, pale uani, kibakuli cha mtama mkononi.

"Lakini inanuka mubaya, Shangazi! Byote binanuka mubaya!"

"Acha binuke! Mulango umefunguka. Hata kama mugeni wa kwanza ni mulevi, mulango umefunguka!"

Mpira ule ulikaa nami wiki nyingi. Chai ilikuwa mpira, sabuni ilikuwa mpira, hata kanisani ubani. Kisha vitu vikaanza kuachana kimoja kimoja. Ndimu ilitangulia, asubuhi moja nikipita sokoni. Nilisimama mbele ya kapu la mama mmoja mpaka akaniuliza kama niko mgonjwa. Baadaye samaki. Baadaye, siku ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi, nilikuwa darasani, madirisha wazi, harufu ya udongo ikapanda na kunikuta katikati ya sentensi. Niliwaambia wanafunzi waandike wanachokikumbuka, nikasimama dirishani nikiwapa mgongo. Kahawa haijarudi sawasawa hadi leo. Siwezi kulalamika.

Mdogo wangu alikuwa amefuta safari yake ya kurudi Ubelgiji. Hakufungua karakana Bukavu. Aliomba nafasi nyuma ya nyumba ya shangazi, akachimba shimo lake la ndizi, na sasa anajifunza upya, kutoka mwanzo, kwa mwalimu asiye na karatasi za cote, zile za kuandika alama. Anasema mzee wa Ubelgiji na shangazi wangeelewana bila mkalimani.

Mwezi uliopita, huko Mumosho, nilipika ya kwangu, peke yangu, shangazi akikataa hata kusogea. Siku ya tatu baada ya kukamua nilimpelekea kibuyu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua maharagwe. Alinusa, akanywa, akafuta mdomo.

"Onze," akasema. Kumi na moja juu ya ishirini.

"Shangazi! Nilikosea wapi? Joto lilikuwa sawa. Mutama nilihesabu pumzi tatu."

"Joto ni sawa. Mutama ni sawa." Akanipa kibuyu nionje tena, na kweli, kulikuwa na uchachu mwembamba mahali pasipopaswa, mwishoni. "Hewa iliingia. Ulifunua. Si mara moja. Ulikuwa unaenda, unafunua, unanusa, unafunika. Halafu unarudi."

Nilikuwa nimefunua mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Asubuhi kabla ya sala, mchana nikitoka kuchota maji, jioni. Nilikuwa nikiinua ukingo wa jani moja tu, naweka uso, na ile harufu ya ndizi inayogeuka, tamu na kali pamoja, inanijia yote.

Shangazi alikunywa tena ile kasiksi mbovu. Akanimiminia na mimi, tukaimaliza pamoja.